Taitresheni ya Rubisi Iliyochacha

Nimeambiwa nipumzike, na tangu niambiwe hivyo sijapumzika hata kidogo. Mke wangu Paskazia amelificha jembe. Nadhani liko nyuma ya magunia ya kahawa, ila nikisogea upande ule ananiuliza natafuta nini. Kila asubuhi nameza vidonge vyangu, natembea mpaka mwisho wa migomba, narudi, natembea tena. Mwalimu Novath, kijana aliyeachiwa somo langu la Kemia, alipokuja kunijulia hali alinikuta nikizunguka hivyo, akanishauri niandike. Alisema walimu wapya wanaoletwa huku Kyerwa wanaiogopa maabara tupu kuliko wanavyomwogopa mkaguzi. Basi naandika, ila nitakuwa nainuka kila mara, mnivumilie. Habari za vidonge nitazieleza nikifika huko. Za vyeo na mshahara siandiki. Anayezitaka akamuulize Paskazia, yeye ndiye aliyezifuatilia.

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Nyakakika, upande wa Karagwe, nikiwa na shati jeupe na viatu ambavyo barabara ilikuwa imevimaliza visigino. Nilipokelewa na Mwalimu Anatolia, mkuu wa idara ya sayansi. Idara ilikuwa yeye peke yake, na kuanzia siku ile yeye na mimi. Alinifungulia maabara. Kulikuwa na masinki yasiyo na bomba, bureti na pipeti, ile mirija ya glasi ya kupimia, zimelazwa kwenye majani makavu ya mgomba zisivunjike, na rafu za kemikali ambazo zilikuwa na vumbi zaidi ya kemikali. Akaniuliza nitaanza na nini. Nikajibu kwamba nitamwandikia mkuu wa shule orodha ya mahitaji. Akasema:

"Waitu, mwenzangu, orodha tutaandika. Kwanza nenda jikoni ukaniletee maganda ya ndizi."

Nilijua nachezewa, kama wanavyochezewa wageni. Wapishi nao walijua hivyo, wakanijazia gunia zima na kuniuliza kama nyumbani nina mbuzi. Lakini Mwalimu Anatolia hakuwa na utani. Maganda yale tuliyaanika juu ya bati, tukayachoma, majivu tukayaloweka na kuyachuja kwa kipande cha kanga. Yalitoka maji yanayoteleza vidoleni kama sabuni. Hiyo ndiyo ilikuwa besi yetu. Asidi ilitoka kwa akina mama wa jirani, waliotupa bure rubisi iliyochacha, pombe ya ndizi ambayo imepitiliza mpaka hata mlevi anaigeuzia uso. Ambayo haijafikia hatua hiyo hairuhusiwi kuvuka geti la shule, ingawa najua ilikuwa ikivuka.

Kwa vitu hivyo viwili alifundisha taitresheni, na kwa asiyejua nitaieleza kwa kifupi. Unaweka besi kwenye chupa yenye tumbo pana na shingo nyembamba, unatia matone mawili matatu ya kiashiria, yaani ile dawa ya kubadili rangi, kisha kutoka kwenye bureti iliyosimama juu yake unadondosha asidi tone kwa tone. Rangi ikigeuka kutoka njano kwenda rangi ya chungwa, unafunga koki na kusoma umetumia kiasi gani. Halafu unarudia, mpaka vipimo vikubaliane. Kwa miaka yote nimesema neno "rudia" mara nyingi kuliko jina la mke wangu, na amenikumbusha hilo.

Mwalimu Anatolia alikuwa na desturi nyingine niliyoichukua nzima nzima. Tulipofanya mazoezi ya maswali ya mitihani iliyopita, darasa zima lilisimama. Swali linasomwa mkiwa wima, na unakaa pale tu unapojua linataka nini. Siyo jibu lake, bali linataka nini. Ukikaa kabla hujajua, atakuuliza, na aibu utaimeza wewe mwenyewe. Mimi ambaye sijawahi kutulia kitini niliipenda desturi hii kuliko watoto walivyoipenda.

Baadaye nilihamishiwa Kyerwa, kwenye shule iliyo juu ya mgongo wa kilima, ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Nilifundisha kidato cha kwanza mpaka cha nne kwa miaka mingi. Kisha shule ikapewa kidato cha tano na sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na amani yangu ikaishia hapo. Maswali ya kidato cha sita hayana huruma. Swali moja linaanza na chumvi isiyojulikana, linapita kwenye hesabu, na kumalizikia kwenye kiwanda cha mbolea ambacho hakuna mtoto wa huku Bugomora aliyewahi kukiona. Nilikuwa nalala na maswali hayo na kuamka nayo. Nikiwa kanisani, wakati wa mahubiri, nilikuwa nakokotoa moli.

Katika darasa lile la kwanza la kidato cha sita alikuwemo msichana aitwaye Domitila. Wazazi wake ni watu wenye asili ya Burundi, vibarua katika mashamba ya kahawa huko Songambele. Nyumbani alizungumza Kirundi, bwenini Kinyambo na wenzake, kwenye foleni ya chakula Kiswahili, na mtihani ulimsubiri kwa Kiingereza. Swali likisomwa, wenzake wote wataketi na yeye atabaki wima peke yake, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitembea kutoka ubaoni mpaka mlangoni, nikarudi, naye bado kasimama. Halafu anakaa taratibu, na alichosema swali linataka ndicho lilichotaka. Sikumbuki mara nyingi alizokosea.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa na Kemia wakati angeweza kwenda kwenye lugha, yeye mwenye lugha nyingi. Akanisimulia habari za zahanati ya kwao. Ilikuwa na darubini nzuri, imefunikwa kitambaa cha maua, na hapakuwa na mtu aliyesomea kuitumia. Mama yake alipougua kifua, makohozi yake yalipelekwa kupimwa mbali, na majibu yalichelewa mpaka mama akawa hawezi kuinuka kitandani. Alipona, lakini binti hakusahau.

"Nataka nikitoe kile kitambaa, Mwalimu," aliniambia.

Ili akitoe alihitaji chuo cha maabara za hospitali, na bila kufaulu Kemia mlango wa chuo haufunguki. Tangu siku hiyo lile neno la kitambaa likanikaa kichwani. Nilikuwa na watoto wengine darasani na niliwafundisha wote, lakini nikisema nilihangaika kwa ajili yao sawasawa nitakuwa nawadanganya.

Mwaka ule asidi halisi ilikuwa imebaki kidogo mno chupani. Ilibidi itunzwe kwa ajili ya mtihani wa majaribio, ule tunaouita moki, na wa taifa. Kwa hiyo muhula mzima tulifanya mazoezi ya vitendo kwa maji ya majivu na rubisi iliyochacha, kama nilivyofundishwa. Vijana wakawa hodari, wanaoshika pipeti bila kutetemeka. Vipimo vyao vilikubaliana vizuri hata nikaanza kutamba mbele ya mwalimu wa Fizikia.

Kisha moki ikaja. Karatasi zilisahihishwa na mwalimu wa shule nyingine, kama ilivyo desturi, na zikarudi na maneno mekundu juu. Aliandika kwamba majibu ya taitresheni ya darasa zima yanafanana na yote yana kosa moja, maana yake watahiniwa wamenakiliana. Darasa lilichafuka. Walitaka kwenda kwake kwa miguu wakamweleze.  Domitila aliikunja karatasi yake ikawa ndogo kabisa, akaiweka mfukoni, na niliona kwamba hesabu ya mlango wa chuo ameshaipiga.

Nililizunguka lile jengo la maabara mpaka mpishi akaniuliza kama nimepoteza funguo. Kunakiliana kuna sura yake, na mwalimu anaijua. Hawa hawakuwa na sura hiyo. Nikamwita Domitila, nikatoa asidi kidogo niliyoweza kuitoa, nikamwambia afanye mbele yangu.

Alidondosha. Tone, tone, tone. Njano ikageuka rangi ya chungwa kwa tone moja, waziwazi, na nikangoja afunge koki. Hakufunga. Aliongeza, akatikisa chupa, akaongeza tena mpaka maji yakawa mekundu. Nikamuuliza mbona hajafunga.

"Ilikuwa haijaiva, Mwalimu."

Niliita mwingine. Naye akapitiliza, naye akasema haijaiva. Hapo nikaelewa, nikakaa juu ya kigoda cha maabara, jambo nisilolifanya mara kwa mara. Asidi ya rubisi ni dhaifu. Rangi yake haigeuki kwa tone moja. Inajivuta, inakuwa njano yenye wasiwasi, halafu rangi ya chungwa iliyofifia, na usipoendelea kuongeza hutapata kitu. Muhula mzima mikono yao ilikuwa imejifunza kutoiamini rangi ya kwanza. Asidi kali ya mtihani inageuza rangi papo hapo na haisubiri mtu. Walikuwa wameivisha wote kwa mtindo mmoja, ndiyo maana walikosea wote kwa kiasi kimoja. Niliwaeleza darasani kwamba vipimo vinaweza kukubaliana na vyote vikawa na kosa. Nilimwandikia pia yule msahihishaji barua ndefu. Hakunijibu, na nafikiri alidhani nimekunywa ile rubisi.

Kueleza hakukutosha, kwa sababu mkono hauna masikio. Walihitaji asidi kali, nyingi, na ya shule haikuguswa tena. Ndipo nikamkumbuka fundi betri wa Nkwenda. Nilimwomba asidi ya betri. Akaniuliza gari langu ni aina gani, nikamwambia sina gari. Pikipiki je? Sina. Akanipimia huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Enyi mnaobaki na chaki, hata mkilisahau jina langu msisahau hili: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, na kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi. Nimewahi kuona shati likigeuka wavu.

Masika yote, kila masomo yakiisha, tulifanya mazoezi kwa asidi ya betri iliyozimuliwa na maji ya majivu yetu. Mvua ilipiga bati hata nikawa nafundisha kwa ishara. Wenzake wakanyooka mmoja baada ya mwingine. Domitila hakunyooka. Yule mwenye subira kuliko wote ndiye aliyekuwa na mkono mgumu kuliko wote. Anaiona rangi, ananiambia ameiona, na vidole vinaendelea. Mtihani ulikuwa unakaribia na mimi usingizi ulikuwa umenikimbia. Nilimfokea siku moja. Akaweka chupa chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anajua pa kusimama, ila mkono ndio haujui.

Neno hilo lilinitembeza jioni nzima. Asubuhi yake nilimwambia aubadilishe. Mkono wa kulia umeshasomeshwa na rubisi, basi utikise chupa tu. Koki aishike kwa kushoto. Akashtuka. Amelelewa kwamba kwa mkono wa kushoto hupokei, hutoi, wala humwonyeshi mkubwa njia.

"Kushoto, Mwalimu? Mbele yako?"

Nikamwambia vitabu vyenyewe vinaelekeza hivyo, ila huku kwetu hakuna aliyevitii, kwa adabu. Akashika. Mkono ule haukuwa na mazoea yoyote, mazuri wala mabaya. Ulitetemeka, ukamwaga, ukachelewa, lakini rangi ilipogeuka ulifunga. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua, maana sikutaka aone uso wangu.

Siku ya mtihani wa vitendo niliandaa asidi na besi kama maelekezo yalivyotaka, kisha nikatakiwa kuondoka. Hilo ni sawa, lakini mwili wangu haukulikubali. Nilianza kung'oa magugu kwenye bustani ya maua mbele ya ofisi. Nilipoyamaliza niliendelea kung'oa, na mkuu wa shule alipotoka alikuta maua yake mengi yamekwenda na magugu. Aliniomba nikae. Nilikaa, nikainuka. Ndani kulikuwa kimya, na kupitia ukuta nilisikia glasi ikigusana na chuma tu.

Walipotoka, Domitila alikuwa wa mwisho. Ya mtihani hatuulizani mlangoni, kwa hiyo nilimuuliza tu alitumia mkono gani. Akainua wa kushoto, mbele ya walimu wote, bila aibu.

Matokeo yalipotoka sikuweza kuyatazama. Novath, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameripoti, ndiye aliyeyafungua kwenye simu yake. Nilimwambia asome jina moja tu. Alisoma, akasema amefaulu, na Kemia amefaulu vizuri. Nikamwomba arudie kusoma. Domitila alikwenda chuo mwaka huohuo, na mimi nikaendelea na darasa lililofuata, ambalo lilikuwa na makosa yake mapya kabisa.

Nilistaafu mwaka jana. Katika sherehe ya kuniaga wenzangu walinizawadia kiti, kikubwa, chenye mito. Nadhani hawakuwa na nia mbaya. Kwa miezi ya mwanzo nilikuwa narudi shuleni kila wiki kuona kama Novath ameloweka majivu, naye alinivumilia kwa heshima nyingi. Kikohozi nacho kilikuwa kimeanza. Nilisema ni chaki. Paskazia akanikumbusha kwamba chaki sijashika muda mrefu. Nilisema ni moshi wa jikoni, akaniuliza toka lini naingia jikoni. Shati likaanza kuning'inia, usiku nikawa naloa jasho, na mwishowe alikwenda kumwita mwanangu mwenye pikipiki, wakanipeleka Songambele bila kuniuliza.

Zahanati ile sasa imepandishwa kuwa kituo cha afya. Kitambaa cha maua nilikitambua kabla sijaitambua sura ya Domitila, ambaye sasa ndiye mtaalamu wa maabara pale, kwa kuwa kilikuwa kimetundikwa dirishani kama pazia. Aliniamkia shikamoo, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, kisha adabu ikaisha. Alinivalisha barakoa, akanipa kikopo, akanionyesha pa kukoholea, nje, penye upepo. Akaniambia nilete na cha kesho asubuhi, maana sampuli moja haitoshi. Siku ya pili nilikipeleka, akakipokea na kufunga mlango.

Nikabaki nje ya maabara kwa mara nyingine. Hapakuwa na bustani ya kung'oa. Nilikwenda mpaka kwenye mti wa mparachichi, nikarudi. Akina mama wenye watoto walinitazama nikipita mbele yao. Paskazia alinivuta shati nikae, nikamwambia nakuja, nikaenda tena. Niliogopa, na sikuwa na njia nyingine ya kuogopa ila hiyo.

Domitila alifungua mlango akaniita jina langu la kazi. Alisema ni kifua kikuu, kwamba kinatibika, kwamba dawa ni miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kwamba nyumba nzima itapimwa. Alisema yote hayo taratibu, amesimama wima, kama alivyosimama zamani.

"Rudia," nikamwambia. Neno lilitoka lenyewe.

"Nimesharudia, Mwalimu. Ya jana na ya leo. Zimekubaliana."

"Zinaweza kukubaliana na zote zikawa na kosa."

 Sikumwona akikasirika. Alisogea pembeni, akaniambia niingie niangalie mwenyewe. Mkono wake wa kulia ulishika slaidi, wa kushoto ukazungusha kirungu cha darubini mpaka picha ikatulia, kisha akanipisha. Niliinama. Kulikuwa na uwanja wa buluu, na juu yake vijiti vyembamba vyekundu, vichache, vimetawanyika. Nilitafuta pa kubishia. Nilitafuta kwa muda mrefu, naye hakuniharakisha.

"Imeiva, Mwalimu?" akauliza.

"Imeiva," nikasema. Nikatoka nje, nikakaa chini.